Mkono wa Barabarani

Nimeendesha pikipiki kwa miaka 11, na siku nilipopanda jetiski, kile chombo kidogo cha kukimbizia majini, kwa mara ya kwanza, miaka hiyo 11 ndiyo iliyokaribia kuniua.

Kijana wa kukodisha alinivalisha jaketi la kujiokolea, akanionyesha kitufe cha kuwasha na cha kuzima, akanizungushia kamba nyekundu kwenye kifundo cha mkono, akasema, "Ni kama pikipiki tu, kaka. Nenda." Maelezo yote hayakufika dakika 3. Nilimwamini kwa sababu alisema nilichotaka kusikia. Na kweli, ukikitazama chombo kikiwa kimetulia, kinashawishi: tandiko unalikalia kwa kutanua miguu, usukani wa mikono miwili, hata vioo vya pembeni vipo. Kilichokosekana ni magurudumu.

Kasoro ilikuwa kwenye vidole. Pikipiki ya barabarani unaitia mafuta kwa kuzungusha kiganja cha kulia, na vidole vya mkono huo huo vinalala juu ya breki ya mbele. Ukishtuka, unabana. Huwazi wala hupangi, mkono unajua wenyewe. Kwenye jetiski, mahali pale pale, chini ya kidole cha shahada cha mkono ule ule, kuna kikono kidogo cha kubana. Hicho ndicho mafuta.

Nilikuwa naiendea boti moja iliyotia nanga, nia yangu niizunguke kwa madaha, watu wa ufukweni waone. Ilipobaki kama mita 30 nikatambua nimechelewa kukata kona. Vidole vikabana. Chombo kikaruka mbele kama kilichochomwa mwiba. Kwa hofu nikaachia kila kitu, nikageuza usukani wote kushoto, na hapo nikaona kitu ambacho sijawahi kukiona kwa chombo chochote: usukani umegeuka, chombo hakijageuka. Kiliendelea kwenda mbele moja kwa moja, injini ikinguruma taratibu, kana kwamba ule usukani niliokuwa nimeushika ulikuwa wa mtu mwingine.

Walioniokoa ni dapra, ile mipira inayoning'inizwa ubavuni mwa boti. Niligonga mmoja, nikarushwa kifua juu ya usukani, chombo kikarudi nyuma na kutulia. Mzee mmoja akachungulia kutoka juu. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga.

"Mwanangu, umejifunzia wapi?"

"Hapa hapa, mzee. Leo."

"Basi bado hujajifunza," akasema, akarudi ndani.

Wiki iliyofuata nikajiandikisha kwenye mafunzo ya siku moja.

Mwalimu wetu alikuwa mama wa makamo, kofia pana, filimbi shingoni, sauti ya mtu aliyezoea kushindana na injini. Tulikuwa wanafunzi sita na sote tulikuja tumevaa tayari kuingia majini. Yeye akatupeleka kwenye trela, chombo kikiwa nchi kavu, akasema, "Haya wanangu, laleni chini." Tukalala kwenye saruji, mgongo chini, kama mafundi wa gari, akamulika kurunzi kwenye tumbo la chombo. Pale palikuwa na mdomo wenye vyuma vilivyopangwa kama meno ya kitana. Kwa nyuma, chini ya tezi, yaani sehemu ya nyuma ya chombo, palikuwa na bomba nene lililofinywa mwishoni.

Ndipo nikaelewa kilichonipata. Jetiski haina rafadha, yaani panga la kusukumia, inayozunguka nje kama boti za kawaida, na la ajabu zaidi, haina ubao wowote wa usukani ndani ya maji. Injini inazungusha panga lililofichwa ndani ya mfereji. Maji yanavutwa kupitia ule mdomo wa chini, yanasukumwa nyuma, yanabanwa kwenye bomba jembamba na kutoka kwa nguvu, na chombo kinakwenda mbele kwa sababu maji yanakwenda nyuma. Mikono ya usukani kazi yake ni kulielekeza lile bomba: ukikata kulia, bomba linatupa maji upande wa kulia, tezi inasukumwa kushoto, omo, yaani mbele yake, inageukia kulia. Sasa uachie mafuta. Maji hayatoki. Bomba limegeuka, lakini halitupi kitu. Unageuza hewa.

Mfumo wenyewe si wa jana. Mhandisi wa New Zealand, William Hamilton, aliuendeleza miaka ya 1950 ili boti ziweze kupita kwenye mito ya kwao yenye maji haba na mawe, mahali ambapo rafadha ya nje ingevunjika. Kwa mito ile ni werevu mtupu. Baadaye ukawekwa kwenye chombo chepesi cha starehe, na Kawasaki walipoanza kuuza Jet Ski zao mwanzoni mwa miaka ya 1970 jina likawa la vyombo vyote vya aina hiyo. Vile vya kwanza mtu aliendesha amesimama, peke yake. Vya leo vingi vina uzito wa kilo 300 na zaidi, vinabeba watu watatu, na vikubwa vyake vinapita kilomita 100 kwa saa. Ukitoka kasi kubwa na kuachia mafuta, kitu hicho kinaweza kuserereka karibu mita 100 kabla hakijatulia, na muda wote huo wewe ni abiria.

Kuna modeli zenye aina fulani ya breki. Sea-Doo walileta yao mwaka 2009: kuna kikono cha kushoto, ukikibana kifuniko kinashuka nyuma ya bomba na kuyarudisha maji mbele. Ni kitu kizuri sana. Lakini Mwalimu aliikwepa mada hiyo kwa makusudi mpaka mchana. Alisema chombo utakachopewa ukiwa na haraka ndicho kisichokuwa nayo.

Majini, zoezi la kwanza lilikuwa la kukosea. Aliweka boya moja la manjano, akatutaka tuliendee kwa kilomita 30 kwa saa hivi, na akipuliza filimbi tuachie mafuta kabisa na kukata kona. Mmoja baada ya mwingine tuliligonga. Mama mmoja aliyekuja na mwanawe wa chuo aligonga huku anacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa naikumbuka boti. Kisha tukarudia, safari hii tukipuliziwa filimbi tusiachie: tupunguze kama nafasi ipo, tubakishe mafuta, tukate. Chombo kiligeuka kama kisu.

Ukisimuliwa ni jambo jepesi. Ukitaka usalama, bakisha mafuta. Nililijua kwa kichwa kabla hata sijaingia majini, na bado nililigonga lile boya mara tatu katika zoezi ambalo sikutakiwa kuligonga. Kila filimbi ilipolia kidole kilifunguka chenyewe. Nilikitazama kikifunguka. Jaribio la nne nikajifunga kwa hila: nikawa nasema kwa sauti, "Bana, kata, bana, kata," kama kichaa, na hilo la nne nikapita pembeni kwa urefu wa mkono. Mwalimu akasema jambo ambalo nadhani ndilo lote alilotaka kutufundisha siku ile: mtu asiyewahi kuendesha chochote hujifunza haraka kuliko sisi wa pikipiki na magari, maana hana cha kusahau.

Nina maoni yangu hapa, na nayasema bila kuficha. Video za mafundisho, mitihani ya maswali ya kuchagua, kijitabu cha kurasa 40, vyote vina faida yake, lakini havifiki kwenye kidole. Zipo nchi ambako mtu anaweza kupata cheti cha kuendesha boti kwa kukaa mbele ya kompyuta tu. Cheti hicho kinathibitisha kwamba amesoma. Hakisemi lolote kuhusu kitakachofanyika kwenye ile sekunde moja na nusu ya kushtuka.

Nirudi kwenye kamba nyekundu. Kijana wa kukodisha alinifunga bila kunieleza ni ya nini, nami nikadhani ni ya kuzuia ufunguo usipotee. Ncha moja inakaa kwenye swichi ya injini, nyingine kwako. Ukianguka inachomoka na injini inazima. Bila hiyo, chombo kinaweza kukuacha hapo ulipo na kwenda zake kutafuta mtu wa kumgonga, na wewe unaogelea ukikitazama. Marekani, tangu tarehe 1 Aprili 2021, sheria ya taifa inamtaka mwendeshaji wa boti iliyo chini ya futi 26 na yenye swichi hiyo awe amejifunga anapokwenda kwa kasi. Mwenzetu mmoja alikuwa ameifunga ya kwake kwenye mkono wa usukani, kwa kuwa ilimkera kifundoni. Mwalimu alipita mstari mzima, akaivuta kila kamba mara moja, kwa nguvu kidogo, kama mtu anayevuna kunde. Alipofika kwa yule mwenzetu akavuta, usukani ukatikisika. Hakumwambia kitu. Alisimama tu na ile kamba mkononi mpaka jamaa akaifungua mwenyewe na kujifunga.

Aliifanya ziara ile ile kila tulipotoka majini na kurudi. Nahesabu mara saba.

Mambo ya kabla ya kuondoka ni mengi na sitayataja yote. Moja lakini linahitaji kuelezwa, kwa sababu linaonekana kama desturi tu hadi ujue sababu. Kabla ya kuwasha, hasa baada ya kujaza mafuta, inua tandiko uache papate hewa kwa dakika kadhaa, kisha unuse. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi, unashuka na kutuama kwenye ngama, chini kabisa, ndani ya mwili uliozibwa pande zote ili maji yasiingie. Cheche moja ya kuwashia inatosha. Mwalimu alikuwa anainamisha pua kama mpishi juu ya sufuria, na akasema pua yake imewahi kumkatalia safari mara mbili.

Vilevile usiwashe kwenye maji ya chini ya mita moja hivi. Ule mdomo wa tumboni hauchagui: unameza mchanga, mawe, majani, kamba. Na nywele ndefu. Ndiyo maana injini inazimwa kabisa kila mtu anapopanda kutokea nyuma, na ndiyo maana dada mmoja wa darasa letu aliambiwa afunge nywele kabla hajaambiwa jina la mwalimu.

Kisha likaja lile ambalo watu hulikwepa. Sisi Waswahili kwa maneno ya sehemu hizo za mwili tunazunguka sana, tunaanza na "samahani" mbili tatu. Mwalimu hakuomba samahani. Alisema: abiria wa nyuma akianguka kwa kurudi nyuma, anaangukia kwenye maji yanayotoka bombani, na maji hayo yana nguvu ya kuingia kwenye tupu ya mbele na ya nyuma na kuchana viungo vya ndani. Suruali nyepesi ya kuogelea haizuii. Inatakiwa suruali ya mpira mzito, ile ya wapiga mbizi, au nguo yenye kinga ya namna hiyo. Onyo hili limechapishwa kwenye chombo chenyewe, kwenye kile kibandiko kilicho mbele ya mwendeshaji, na nina hakika nililisoma siku ya kwanza bila kuliona. Kati ya sisi sita, watano tulikuwa na bukta. Mchana tulirudi tumevaa zile alizotuazima.

Na abiria naye ana la kufanya: amshike mtu wa mbele, na ajue kwamba mwendeshaji akibana mafuta ghafla yeye ndiye anayebaki angani.

Kupinduka ni sura nyingine. Niliambiwa chombo kikigeuka tumbo juu kuna mshale nyuma, umechorwa karibu na lile bomba, unaoonyesha upande wa kukigeuzia. Nikadhani ni ushauri. Ukikigeuza upande usio wake, maji yanaweza kupita kwenye njia ya moshi na kuingia kwenye injini, na hapo huna chombo, una pipa. Tulipinduliwa kwa zamu. Kukigeuza hakuhitaji nguvu sana, unapanda kwenye ukingo na kujitegemeza kwa uzito wako. Shida iko kwenye kupanda tena. Hakuna ardhi ya kusukuma, jaketi linakuja kidevuni, nguo zimelowa, tezi inakuzamia kila unapoivuta. Mara ya kwanza niliteleza. Mara ya pili niliteleza. Ya tatu nilipanda nikalala kifudifudi kwenye tandiko nikihema kama samaki, na bahari ilikuwa shwari, na sikuwa nimeumia, na mtu alikuwa amesimama pembeni ananitazama. Nikiwa peke yangu, na upepo, na baridi, sijui kama ningeiona ya tatu.

Hapo jaketi likaacha kuwa pambo. Kipimo chake ni rahisi: livae, funga kila kifungo, mwenzako akuinue kwa mabega yake. Likipanda hadi masikioni si lako. Yale yanayojijaza hewa, yanayopendwa na watu wa mashua za matanga kwa wepesi wake, hayafai huku. Mtu anayeanguka kutoka jetiski huyapiga maji kwa kasi, na anahitaji kitu kinachoelea tayari.

Mchana tuliketi kivulini kusoma kanuni za njia. Nilitegemea kusinzia. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini zilikubaliwa mwaka 1972 na kuanza kutumika mwaka 1977, na zimeandikwa kwa ajili ya meli. Lakini kanuni ya 3 inasema chombo ni kila kinachotumika, au kinachoweza kutumika, kusafiria majini, na jetiski imo humo kama ilivyo meli ya mafuta. Mwenye jetiski hupenda kujiona mdogo mno kuhusika. Hata mahakama imewahi kukubaliana naye. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilifuta hukumu ya mtu aliyemgonga na kumjeruhi vibaya mwenzake, kwa hoja kwamba jetiski si "meli" kwa maana ya sheria yao ya mwaka 1995: haisafiri kwenda popote, inazunguka-zunguka tu kwa starehe. Pengo hilo lilibaki hadi tarehe 31 Machi 2023, ilipoanza kutumika amri ya kuziingiza jetiski kwenye sheria hiyo, na sasa uzembe unaweza kumpeleka mtu jela hadi miaka 2. Miaka 17 na zaidi kidogo, kujibu swali ambalo yule mzee wa boti angelijibu kwa sentensi moja.

Kanuni zenyewe zinabebeka. Mkikutana uso kwa uso, wote wawili mnakata kulia, kila mmoja anampita mwenzake upande wa kushoto wake. (Kwa aliyezoea kuendesha upande wa kushoto barabarani, hili nalo linapingana na mkono. Nilikata kushoto mara mbili.) Mkikatana njia, mwenye mwenzake upande wake wa kulia ndiye anayempisha, na asipite mbele yake bali nyuma yake. Anayempita mwenzake kutoka nyuma ndiye mwenye jukumu la kumkwepa, hadi awe amekwisha kupita kabisa. Wenye injini wanawapisha wenye matanga na wavuvi wenye nyavu majini. Kwenye mlango mwembamba wa kupita meli, vidogo havizuii vikubwa.

Mwanafunzi mmoja aliuliza, "Kwa hiyo, Mwalimu, nikiwa upande wake wa kulia, mimi nina haki ya njia?" Akajibiwa kwamba neno hilo "haki" ametoka nalo barabarani, alirudishe huko huko. Kanuni inamwambia mmoja apishe, na inamwambia wa pili ashike mwelekeo na kasi yake ili wa kwanza ajue anampisha nani kuelekea wapi. Wa pili naye akiona mwenzake hafanyi kitu, afanye yeye. Hakuna mahali mtu anaruhusiwa kugongwa akiwa sahihi.

Na hapo niliona kwa nini jetiski inawachukiza wenye boti kuliko kelele zake. Kanuni ya 8 inataka ukikwepa, ukwepe kwa wazi, kona moja kubwa inayoonekana, si vikona vidogo vidogo. Sasa mtazame mtu wa jetiski: anakata, anarudi, anazunguka, anasimama, anaruka. Nahodha anayemwona hajui kama yuko mbele yake, anamkata njia au anamfuata. Hawezi kumtumia kanuni yoyote, kwa kuwa kila baada ya sekunde 4 yuko kwenye kanuni nyingine. Kuruka mawimbi ya nyuma ya boti ndiko kubaya zaidi. Unakuwa umejificha kwenye kivuli cha ile boti, humwoni anayekuja upande wa pili naye hakuoni, mnakutanishwa hewani. Sehemu nyingi zimepiga marufuku, na mimi niliyetaka kuonekana na watu wa ufukweni nakiri kwamba ndicho nilichokuwa nimepanga kufanya baada ya kuizunguka ile boti.

Kuna kipimo kimoja alichotupa ambacho nakitumia hadi leo, hata nikiwa abiria kwenye kivuko. Ukiona chombo kinakuja kwa mbali, kilinganishe na kitu kwenye chombo chako, kwa mfano kioo cha pembeni. Ukishika mwelekeo wako, na baada ya muda chombo kile kimesogea mbele au nyuma ya kioo, mtapishana. Kikibaki pale pale juu ya kioo, na kinazidi kukua, mnagongana. Kwa namna inavyotisha, ni kitu tulivu sana kukitazama. Hakiendi kulia, hakiendi kushoto, kinanenepa tu.

Na kabla ya kila kona, geuza kichwa utazame nyuma ya bega. Kioo hakitoshi, kinatetemeka.

Umri na saa kila nchi ina lake. Kanada haimruhusu aliye chini ya miaka 16 kuendesha. Jimbo la Florida kule Marekani linaruhusu kuanzia 14, lakini kukodi ni kuanzia 18. Kwamba kuna pengo kubwa hivyo kunanionyesha hakuna anayejua umri wenyewe. Kuhusu usiku, Florida hawana mjadala: kuanzia nusu saa baada ya jua kuzama hadi nusu saa kabla ya kuchomoza, jetiski iwe nje ya maji, hata ukifunga taa. Pombe sina haja ya kuieleza. Jua, upepo na mtetemo wa saa 2 vilinilewesha bila kuonja kitu.

Saa kumi jioni Mwalimu alitutoa majini mmoja mmoja kwa mtihani. Wangu ulikuwa kuzunguka maboya, kumwokoa mdoli aliyeanguka, kurudi taratibu kwenye gati. Nilikuwa nimemaliza na narudi, nimeshalegea, yeye akiwa pembeni yangu kwenye boti ya mpira, akatupa mpira mwekundu mbele yangu bila filimbi wala neno. Sikumbuki kufikiri. Nakumbuka mpira ukipita kushoto kwangu. Nilipofunga kwenye gati akaja, akaivuta kamba yangu mara moja, akaenda kwa anayefuata.

Mwaka huu mpwa wangu ametimiza miaka 12 na hataki kusikia habari nyingine ila jetiski. Nikampeleka. Tulikuta moja imepandishwa kwenye trela, injini baridi, mwenyewe akaturuhusu. Nikampandisha tandikoni, nikamfunga kamba, nikasimama mbele yake mchangani.

"Mjomba, si tunaingia majini?"

"Tutaingia, utakaa nyuma. Kwanza shika hapo. Bana. Haya, nikisema 'mtu', unafanya nini?"

"Nasimama."

"Hakuna kusimama. Unabana na kukata. Mtu!"

Kidole kikafunguka, akageuza usukani, akanitazama akitaka sifa. Tukarudia. Watu waliokuwa wakipita walitushangaa, mtu mzima anamzomea mtoto aliye juu ya chombo kisichokwenda. Kidole kikafunguka tena, na tena. Akaanza kukasirika, nami nikaanza kumwelewa Mwalimu. Kama mara ya ishirini hivi, wakati nimegeuka kutazama kitu kingine, nikapaza sauti bila kumtazama, "Mtu!" na nilipogeuka usukani ulikuwa umelala kulia, na kucha ya kidole chake cha shahada imekuwa nyeupe kwa kubana.